Kuonja chakula cha mtawala wa Burgundy hakukuwa kwa ajili ya sumu tu

Mkuu, umeuliza kama watawala wa Ulaya ya kale walionjewa chakula kwa kuogopa sumu tu. Hofu hiyo ilikuwepo, lakini haielezi utaratibu wote. Chukua Burgundy, dola iliyokuwa kwenye sehemu za Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi za leo, chini ya mtawala wake Charles, aliyetawala 1467 hadi 1477. Msimamizi wa nyumba yake, Olivier de la Marche, aliuandika mpangilio mzima mwaka 1474, kazi moja baada ya nyingine.

Waliomhudumia walikuwa vijana wa koo za kiungwana. Waligawanywa makundi manne: la mkate, la kinywaji, la kukata nyama na la zizi la farasi. Kila kundi lilikuwa na watu 50 na mkubwa wao. Vita ikija, hao hao walipanda farasi na kuwa vikosi vya kumlinda. Kumshikia bwana kikombe ilikuwa heshima iliyogombaniwa, maana ilikuweka karibu na sikio lake.

Nyama ilikuwa ya gharama zaidi, lakini wa mkate na wa kinywaji ndio waliotangulia kwa cheo, kwa sababu mkate na divai ndivyo vinavyotumika katika misa. Anayesimamia matunda alisimamia na mishumaa: waliamini nyuki huchota nta ya mishumaa kwenye maua, na maua ndiyo yanayozaa matunda. Hoja za namna hiyo zilichukuliwa kwa uzito.

Kuonja kulianzia jikoni, chakula kikafunikwa, kikasindikizwa hadi ukumbini, kikaonjwa tena mezani. Walikigusisha pia kipande cha pembe iliyosadikika kuwa ya farasi mwenye pembe moja. Kwa kweli ni jino refu la nyangumi mdogo wa bahari za kaskazini, na halina uwezo wowote wa kutambua sumu. Kwa divai, mnyweshaji alimimina kidogo akanywa kwanza. Udhaifu wake uko wazi: sumu inayochelewa kufanya kazi ingepita. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kila mkono uliogusa sahani ulijulikana ni wa nani.

Mpishi mkuu alikaa kwenye kiti kirefu kati ya meko na meza ya kutolea vyakula, aone kila kitu. Kwa mwiko wake mkubwa wa mbao alionja mchuzi na kuwafukuza vijana wa jikoni. Samaki wa kwanza wa msimu aina ya heringi aliwapeleka mezani mwenyewe, mwenge mkononi.

Wanaoigiza karamu hizi leo wanaweza kukosea kwenye mkate uliotumika kama sahani. Kitabu cha maelekezo ya nyumbani cha Paris cha miaka ya 1390 kinataka uwe na upana wa nusu futi, kimo cha vidole vinne, na uwe umeokwa siku nne kabla. Wa siku hiyo hiyo hunywa mchuzi, ukapasuka na kuchafua kitambaa cha meza.