Linux Imesakinishwa Lakini Haianzi: Jua Kwanza Imekwama Wapi

Wageni wengi wa Linux, wakiona usakinishaji umekamilika bila kosa lolote kisha kompyuta mpakato ikagoma kuanzisha mfumo mpya, hukimbilia kusakinisha upya. Mara nyingi ni kazi bure, kwa sababu mafaili ya mfumo yamo salama kwenye diski na kilichokosekana ni njia ya kuyafikia. Anayerudia kwa mipangilio ileile hupata matokeo yaleyale. Kabla hujagusa chochote, tafuta ni hatua gani iliyoshindwa: fimwea (programu ya kuwashia kompyuta iliyomo kwenye ubao mama), butiloda (programu inayoupakia mfumo, ambayo katika Debian, Ubuntu na Fedora kwa kawaida ni GRUB), au keneli yenyewe, yaani kiini cha Linux.

Skrini itakuonyesha. Kompyuta ikienda moja kwa moja hadi Windows, au ikilalamika kwamba haioni kifaa cha kuanzia, basi fimwea haijaifikia GRUB. Ukiona maneno «grub rescue>» kwenye skrini nyeusi, GRUB imefikiwa ila haioni mafaili yake mengine. Na kama menyu ilitokea, ukachagua Linux, kisha skrini ikabaki nyeusi, butiloda imekwisha kufanya sehemu yake. Tatizo liko mbele zaidi, aghalabu kwenye draiva ya kadi ya picha, na kuisakinisha GRUB upya hakutakusaidia.

Hali ya kwanza ndiyo inayowasumbua wengi, na chanzo chake kikubwa ni kuchanganya njia mbili za kuanzisha kompyuta. Njia ya zamani, ya BIOS, husoma sekta ya kwanza ya diski, ilhali ile mpya, UEFI, hutafuta faili lenye kiishio cha .efi ndani ya sehemu maalumu ya diski iliyofomatiwa kwa FAT32, iitwayo ESP. Katika menyu ya kuchagulia kifaa, flashi moja ya usakinishaji huweza kuonekana mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele ya jina lake. Ukichagua ile isiyo na neno hilo wakati Windows iliwekwa kwa UEFI, kisakinishi kinaweza kuweka GRUB ya aina ambayo fimwea haitaitafuta kamwe. Kuhakikisha ni rahisi: ukiwa umewasha kompyuta kwa flashi hiyo, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike ls /sys/firmware/efi. Folda hiyo ikiwapo, umo katika UEFI. Isipokuwapo, zima kompyuta uanze tena kwa kuchagua ile nyingine.

Ukiwa katika UEFI, amri ya sudo efibootmgr -v itakuonyesha orodha ya vianzishi ambavyo fimwea inavifahamu, pamoja na mfuatano wake. Kama Linux imo lakini iko nyuma ya Windows, kubadili mfuatano kunatosha. Kama haimo kabisa, GRUB inahitaji kurudishwa: unga (mount) sehemu ya diski yenye mfumo kwenye /mnt, unga ESP kwenye /mnt/boot/efi, unga pia folda za /dev, /proc na /sys humo humo ndani ya /mnt, ingia kwa chroot (amri inayokuwezesha kufanya kazi ndani ya mfumo uliosakinishwa), kisha endesha grub-install na update-grub. Wanaosahau kuunga ESP huambiwa na grub-install kwamba /boot/efi haionekani kuwa sehemu ya EFI, nao huanza kushuku diski yao bila sababu. Utaratibu huu ni wa Debian na Ubuntu. Katika Fedora yenye UEFI usitumie grub-install, bali sakinisha upya vifurushi vya shim (programu ndogo inayotangulia GRUB) na grub2-efi. Na popote ulipo, usifomati ESP iliyokuwapo, maana kianzishi cha Windows kimo humo humo.

Kwa wale waliokwama kwenye «grub rescue>», amri ya ls huorodhesha sehemu za diski. Zikague moja baada ya nyingine, kwa mfano ls (hd0,gpt2)/boot/grub, hadi uione folda yenye mafaili; kisha andika set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub, halafu insmod normal, halafu normal. Menyu itarudi kwa safari hiyo moja tu, kwa hiyo mfumo ukishawaka sakinisha GRUB upya.

Secure Boot, kinga ya UEFI inayokataa vianzishi visivyotiwa saini inayoiamini, hulaumiwa kuliko inavyostahili. Mifumo mitatu niliyoitaja hutumia shim iliyotiwa saini, na kwa kawaida huanza bila kuizima. Ukilazimika kuizima, hifadhi kwanza ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) mahali nje ya kompyuta hiyo, kwani Windows inaweza kuudai mara itakapowashwa.

Na kama Linux inaanza vizuri ila Windows haionekani kwenye menyu, usidhani imefutwa. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine isipoambiwa. Hakikisha os-prober, programu inayoitafuta mifumo hiyo, imesakinishwa, ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika /etc/default/grub, kisha endesha update-grub.