Shokapu za Impreza WRX: starehe bila kuyumba

Ndugu, kama unataka Subaru Impreza WRX yako itulie bila kukuumiza mgongo, achana na shokapu za Bilstein B6. Ni ngumu kuliko za kiwandani. Kwa springi za kiwandani, shokapu ya KYB Excel-G inatosha kabisa. Springi fupi za kushusha gari ni habari nyingine: shokapu ya kawaida hukosa nafasi ya kushuka na kugonga raba ya kizuizi kila shimo. Ukitaka starehe, rudisha springi ndefu za kiwandani.

Nunua kwa jozi, pamoja na mauntingi za juu (vishikizo vya shokapu kwenye bodi) na raba za kizuizi. Boliti ya juu inayoshika shokapu ya mbele kwenye nako (kipande kinachobeba gurudumu) ndiyo hurekebisha mlalo wa gurudumu, kwa hiyo iwekee alama kabla ya kuilegeza. Kisha peleka gari alaimenti.