Nyama ya ngano? Tuanze na maji

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama nyama ya ngano inaweza kuchukua nafasi ya nyama ya ng'ombe mezani kwetu. Kwa ladha, inaweza. Ichemshe taratibu kwenye supu ya tangawizi na kitunguu saumu, ikate vipande, ikaange kwa mafuta ya alizeti kisha uiunge rosti; ugali utashuka. Kwetu Dodoma, cha kuuliza ni maji.

Kwa asiyeijua: unakanda unga wa ngano, mgumu kuliko wa chapati, unauloweka karibu saa nzima, kisha unauminyaminya ndani ya maji. Wanga unatoka, maji yanakuwa meupe, unabadilisha, unaendelea, hadi libaki donge la kijivu linalovutika. Hiyo ndiyo gluteni, protini ya ngano. Kilo ya unga hukuachia gramu 300 hivi, tena mbichi.

Baba mkwe, Mgogo wa Mpwapwa, mtu wa kushinda mnadani Msalato Jumamosi, alikatazwa nyama nyekundu kwa sababu ya gauti, ugonjwa wa maumivu ya viungo, akaja kukaa nasi Nkuhungu. Mimi na wifi tukaketi uani na beseni. Mgao wa maji ulikuwa umebana, tunatumia maji ya madumu. Mzee akavuta kigoda akatutazama. Beseni la kwanza alinyamaza. La pili, wifi alipoliinua amwage chini ya mpapai, mzee akalishika ukingoni.

"Mwanangu, haya angekunywa ndama."

"Baba, huo ni wanga tu."

"Wanga si ndio unga wenyewe? Na unga mmeununua."

Akaagiza ndoo. Tangu hapo kila maji meupe yaliingia ndooni yakatulia. Ya juu tukayaoshea tena, na wanga mzito uliotuama chini tukaupikia uji kesho yake. Jioni alikula kwa ugali wa uwele na mlenda, akaongezewa. Kufanana na nyama hakukutaja. Alisema, "Mboga nzuri, ila mmeisumbukia."

Nilikaa kuandika nikiwa na ndiyo yangu tayari. Sasa nasita. Mji umetanuka tangu serikali ihamie huku, na bado sehemu kubwa ya maji yetu ni ya visima vya Mzakwe. Siku za mgao, chukueni nyama ya soya ya pakiti. Maji ya moto kidogo yanatosha. Maji yakitoka, mimi nitakanda ngano, na pembeni nitaweka kunde au maharage, maana protini ya ngano peke yake ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino ambazo mwili huhitaji kutoka kwenye chakula.

Unga wa gluteni iliyokwisha kutengwa sijaukuta sokoni Majengo. Huo hukandwa kwa maji kidogo tu, hauoshwi. Mfanyabiashara akituletea kwa bei ya kueleweka, jibu langu litarudi kuwa ndiyo, isipokuwa kwa wenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huwaharibu utumbo.