Jibu: Kioo cha mbele kupigwa kokoto

Mkuu, umeuliza kama ipo namna ya kukinga kioo cha mbele kisipigwe kokoto kwenye safari zako za Iringa–Mbeya. Kinga kubwa ni umbali. Njia ile ina malori mengi, na jiwe hurushwa na tairi la aliye mbele yako; ukimkaribia huku mnakimbia, linakugonga kwa nguvu. Mwache aende, au mpite pakiwa salama, usimng'ang'anie nyuma. Ukipishana na gari kwenye changarawe, punguza mwendo.

Vile vidoa vidogo vinavyometa usiku ukimulikwa taa huletwa na mchanga wa muda mrefu. Hapo wipa nazo zina lawama: usiziwashe kioo kikiwa kikavu na vumbi, rusha maji kwanza, na mpira ukikakamaa badilisha.

Kikishadonolewa, bandika selotepu safi ili maji na uchafu visiingie, kisha wahi kwa fundi wa vioo ajaze gundi maalumu kabla ufa haujatambaa. Na tafadhali, usikimwagie maji baridi kikiwa kimechomwa na jua! Plastiki za kubandika nje zinasaidia, ila wipa huzichakaza. Hela hiyo mimi ningenunulia mipira mizuri ya wipa kwanza.