Canter 4D33 inachemsha Kitonga tu, tambarare iko sawa: pa kuanzia

Mkuu, umesema Canter yako ya injini ya 4D33 ikiwa na mzigo inapandisha joto Kitonga tu, ule mlima mkali wa kupandia Iringa, ila kutoka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni geji inatulia katikati. Fundi ametoa themostati (vali inayofungulia maji ya injini yaende rejeta yakipata moto), umenunua kifuniko kipya cha rejeta, na kila safari unaongeza kama lita moja ya maji. Dalili hizo zinatosha kuondoa nusu ya washukiwa kabla ya mtu yeyote kugusa boliti za silinda hedi.

Cha kwanza, rudisha themostati. Kwenye injini hii themostati ina kazi mbili. Ikifunguka kwenda rejeta, kile kisahani chake cha chini kinafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu ya maji bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare hutaona tofauti, pengine geji itakaa chini zaidi. Mlimani, pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, ndipo gari inachemsha. Soma namba iliyopigwa kwenye themostati ya zamani (nyuzi 76.5 au 82) na ununue yenye namba ileile. Ile pini ndogo inayocheza ikae juu, ndiyo inayotoa hewa.

Hata ikiwa mpya ipime. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ya 76.5 ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na ifikapo 90 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ukipimia Iringa mjini kumbuka maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo ya 82 inaweza isifunguke yote sufuriani na bado ikawa nzima.

Mwinuko huo ndio unaofanya kifuniko cha rejeta kiwe na maana kubwa. Kifuniko cha 0.9 (ndiyo presha kinayoshika, kwa bar) kinasogeza juu kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Kisiposhika presha, maji yanachemka yakiwa bado kwenye joto ambalo injini inalivumilia vizuri tu. Usinunue kwa kuangalia ukubwa wa mdomo peke yake. Linganisha namba na ya kifuniko kilichotoka na gari. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa shingo ya rejeta pia. Kukiwa na mkwaruzo au donge la risasi ya kuchomea, hata kifuniko kipya hakitaziba, na hiyo lita moja inaweza kuwa inatokea hapo kama mvuke.

Sasa hakikisha geji inasema kweli. Azima kipimajoto cha bunduki (kinachopima joto bila kugusa), piga kwenye nyumba ya themostati injini ikiwa moto, linganisha na geji. Geji ikipanda ukiwasha taa kubwa, ethi (waya wa hasi) ya dashibodi ni mbovu. Hatari zaidi ni kinyume chake: maji yakipungua, sensa inabaki hewani na geji inashuka huku injini inaungua. Geji ikishuka ghafla katikati ya mlima, simama.

Tukija kwenye kiini: injini inayochemsha kwenye foleni lakini inapoa ikikimbia ina shida ya upepo, yaani feni na klachi yake. Inayopanda dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi ina themostati iliyoganda, hewa iliyonaswa, au gasketi ya hedi iliyokufa. Yako inapanda chini ya mzigo na kurudi sawa tambarare, na hiyo kwa kawaida ni rejeta isiyopitisha maji ya kutosha. Rejeta yenye robo ya mirija iliyoziba inamudu kabisa kazi ya tambarare. Kitonga gari inatambaa, upepo wa mwendo hakuna, dizeli inayoungua ni nyingi, na upungufu unajitokeza.

Kuipima ni rahisi. Injini ikiwa moto na themostati imefunguka, shikilia injini kwenye 2,000 RPM kwa muda wa dakika tano, halafu piga bunduki kwenye uso wa rejeta, mstari kwa mstari. Joto lishuke taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotoka. Ukikuta kipande kimoja kiko baridi zaidi ya nyuzi 15 kuliko majirani zake, mirija hiyo imekufa. Huna bunduki? Toa rejeta, ziba tundu la chini kwa kiganja, jaza maji, achia mara moja. Yatoke kwa kishindo, yakijaza tundu zima. Yakitoka kama ya bomba la uani, mpelekee fundi rejeta afungue matangi na kupitisha chuma bapa kwenye kila mrija. Hilo linawezekana kwa rejeta ya shaba. Ya alumini yenye matangi ya plastiki ikiziba sana, ibadilishe.

Kwa uchafu wa wastani, asidi ya sitriki inasaidia: gramu 50 kwa kila lita ya maji, zungusha injini ikiwa moto kwa nusu saa, mwaga, suuza mpaka maji yatoke meupe, si chini ya mara tatu. Asidi ya betri usiiguse kabisa, inakula chuma na alumini. Nje ya rejeta osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele, maana mbegu za majani na vumbi lenye oili viliingilia mbele.

Ukiwa umeinama hapo, tazama mpira wa chini wa rejeta mtu akikanyaga mafuta hadi 2,500. Ukibonyea na kujifunga, spring ya ndani imeoza au mpira umelainika, na pampu inanyonya bure. Belti ukiibonyeza kwa dole gumba kwa nguvu ya kilo 10 hivi ishuke milimita 10 hadi 15. Chungulia pia mfereji wa puli: chini kabisa panatakiwa pawe na kutu au weusi. Pakiwa panang'aa kama kijiko, belti imeisha, inakaa chini badala ya kubana kuta, na inateleza hata ukiikaza. Feni nayo iwe ndani ya kava lake. Magari mengi ya umri huu kava lilivunjika likatupwa, na feni inazungusha hewa ileile ya moto. Kama ni feni ya klachi, zima injini ikiwa moto uizungushe kwa mkono. Ikijizungukia yenyewe zaidi ya mzunguko mmoja na nusu, klachi imekwisha.

Kuna mshukiwa ambaye wengi wanamsahau: breki ya eksosi, yaani flepu inayoziba bomba la moshi ili injini ipunguze mwendo mteremkoni. Ile flepu ikikwama nusu baada ya kuteremka, moshi wa moto unashindwa kutoka, gari inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi na inapanda joto mlima unaofuata. Lala chini, mtu abonyeze swichi na kuachia, uone mkono wa flepu ukirudi mpaka mwisho. Dizeli inayochelewa kuchomwa, yaani taimingi ya pampu ya dizeli iliyorudi nyuma, inaleta hali kama hiyo.

Gasketi ya hedi sasa, kwa sababu ya lita unayopoteza. Asubuhi injini ikiwa baridi, kabla ya kuwasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu wakati gari imelala usiku kucha, gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Kuthibitisha: legeza belti ya feni, fungua kifuniko, jaza maji hadi shingoni, washa na utazame kwa dakika moja tu. Mapovu mfululizo wakati injini bado baridi na pampu haizunguki yanatoka kwenye silinda, ama gasketi ama hedi iliyopasuka. Wenye Fuso kubwa na magari mengine ya breki za upepo watenganishe kwanza kompresa, kwa kuwa gasketi yake ikivuja inatoa mapovu hayohayo na hedi inafunguliwa bure. Kama hakuna mapovu wala ugumu, tafuta maji kwenye tundu dogo chini ya pampu ya maji na kwenye mipira ya hita. Mara nyingi utaona alama ya chokaa au rangi ya kulanti (dawa ya rejeta) iliyokauka.

Kujaza: maji ya mvua au yaliyochujwa, si ya kisima chenye chumvi, nusu kwa nusu na kulanti. Kulanti tupu inabeba joto kidogo kuliko mchanganyiko, usiamini kwamba nyingi ndiyo bora. Fungua hita hadi mwisho, mimina polepole huku ukiminya mpira wa juu, washa bila kufunga kifuniko mpaka themostati ifunguke, ongeza, funga.

Kwa safari inayofuata, kabla hujamaliza vipimo, punguza gia mapema upandapo ili injini izunguke juu ya 2,000, feni na pampu zipate mwendo. Ikipanda, fungua hita, egesha, acha injini iungurume taratibu kama bado ina maji. Kama maji yamekwisha, zima na usubiri angalau nusu saa kabla ya kufungua kifuniko. Maji baridi kwenye hedi ya moto yanaweza kuipasua palepale.

Anza na themostati na kile kipimo cha rejeta, halafu rudi utuandikie namba ulizopata kwenye rejeta: juu, katikati na chini.