Kabla hujaandika kwamba mtoto wa panya amechelewa

Nawaandikia nyie mnaoanza projekti ya panya wachanga, maana mwaka wangu wa kwanza maabara niliharibu data ya uzao mzima kwa sababu ya baridi tu. Nilikuwa napima kujigeuza, yaani unamlaza chali halafu unahesabu sekunde hadi asimame kwa miguu yote minne, sasa wale walikuwa na siku 6, nikawatoa wote kwa mpigo nikawapanga kwenye trei ya chuma, ilipofika zamu ya wa saba na wa nane wako hoi, wanachezesha mguu mmoja wanashindwa, na mimi naandika kwenye daftari eti ubongo umechelewa kukomaa. Kumbe hawana manyoya, kujipasha joto wenyewe bado hawawezi vizuri, walikuwa wamepoa tu! Nikawarudisha kwa mama yao, nusu saa baadaye wakageuka fasta. Roho iliniuma sana.

Kwahiyo toa mmoja mmoja, mpime haraka, mrudishe, wengine wabaki kwenye kiota. Na muda wa kupima uwe uleule kila siku.

Umri nao muangalie kwa siku, sio kwa wiki. Panya wa maabara anazaliwa haoni wala hasikii, na serebela, ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayosaidia mizani na mpangilio wa mwili, seli zake nyingi zinatengenezwa baada ya kuzaliwa, kazi inaendelea hadi kama wiki ya tatu. Ndo maana mwanzoni anazunguka palepale kwa miguu ya mbele huku nyuma kunaburuzika, halafu karibu siku ya 12 tumbo linanyanyuka, siku ya 13 hadi 15 hivi macho yanafunguka, na ghafla una mnyama mwingine kabisa mkononi. Ukichanganya wa siku 11 na wa siku 14 kwenye kundi moja hapo hujapima kitu. Simbilisi ndo usiguse kabisa ratiba hii, yeye anakaa tumboni zaidi ya miezi miwili, anatoka macho wazi na siku hiyohiyo anakimbia.

Halafu jamani msiwaamsheamshe. Mtazame aliyelala, kidole kinaruka, mkia unachapa, bega linashtuka, mi nilidhani degedege. Mark Blumberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wameonyesha kwamba kila mshtuko ule unarudisha taarifa kwenye ubongo, na wanaona ndivyo mtoto anavyojifunza viungo vyake mwenyewe. Yaani usingizini ndo yuko kazini.

Siku hizi nikikuta kiota kizima kinarukaruka hivyo naweka stopwochi mezani, navuta stuli, nasubiri hadi mama aje kuwanyonyesha na waamke wenyewe.