Kabla Hujaniambia Huna la Kushukuru

Juzi niliweka picha ya kibanda changu cha pili cha samaki hapa Kondele, Kisumu. Hata sijamaliza kuwajibu walionipongeza, dada mmoja wa Kakamega akaniandikia: "Hongera, lakini wewe una bahati. Wengine wetu hatuna hata cha kushukuru." Akaniuliza pia kuhusu mtaji wa kuanzia. Sikumjibu siku hiyo, maana ningemjibu vibaya. Namjibu leo, na wewe mwenye mawazo kama yake usikilize pia.

Dada yangu, mimi huuza mgongo wazi. Mbuta, yaani sangara, akishatolewa minofu kiwandani, minofu inakwenda ng'ambo, na kinachobaki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ndicho kinachosomesha wanangu. Nanunua Obunga, mtaa wa hapa hapa Kisumu, nakaanga kwenye karai, nauza kwa ugali na kachumbari. Biashara hii haina asubuhi. Wateja wangu ni watu wa boda boda, manamba, wauguzi wanaotoka zamu, mafundi waliolipwa jua likizama. Wanakula saa mbili, saa tatu usiku.

Sasa rudi 2020. Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni kila mtu awe ndani. Baadaye saa zikasogezwa mbele, tukapumua. Kisha Juni 2021, Wakenya wengi wakiwa bado na ruhusa ya kutembea hadi saa nne usiku, sisi wa kaunti 13 za upande huu wa ziwa na majirani zake tukarudishwa saa moja. Wagonjwa walikuwa wengi, sibishani na hilo. Lakini saa moja! Fundi anaweka nyundo chini saa kumi na moja, anakimbilia matatu, namwita na samaki wa moto mkononi, hata hageuki. Nikajaribu kuuza mchana. Mchana watu wa hapa wanataka madondo na chapati. Samaki waliobaki tulikula nyumbani, mpaka kitinda mimba wangu akaniuliza kama serikali imefunga mboga zingine pia.

Jamaa yangu mmoja, na anajijua, aliniambia mbele ya watu kwamba mji umenishinda, nirudi nyumbani nikapalilie mtama. Siku hizi anapita kibandani kuomba ya mkopo. Nampa. Ila sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Watu wa Kondele walitoka wakatembea tu. Hawakuwa wanakwenda popote. Wazee walisimama chini ya mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaa, wakibishana kuhusu mpira, vijana wakapita mbele yangu mara mbili mbili bila kununua kitu, na kwa mara ya kwanza sikuwakasirikia. Tangu hapo, saa moja ikigonga na karai bado inachemka, mimi husema asante. Kwa sauti. Wateja wamezoea, wengine wanadhani ni dawa ya biashara.

Labda utaniambia kutembea usiku si kitu. Marehemu babu alikuwa akitusimulia jinsi baba yake alivyovaa kipande shingoni. Sheria ya mkoloni ilimtaka kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu ya kazi zake, ndani ya kijisanduku cha bati. Mwajiri asipokutia sahihi ya kukuachilia, ukiondoka wewe ni mtoro, unatafutwa na polisi. Leo dereva anatoka Busia, anaegesha gari, anakula, anaondoka, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mtu haki ya kwenda atakako. Sisi tunakitafuna pamoja na ugali wala hatukitambui.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tafuta ni uhuru gani unaokulisha. Kwangu ni usiku. Kwako labda ni barabara inayopitika masika, au maji yanayotoka mferejini huku jirani yako akinunua kwa mtungi, au hiyo simu uliyonilalamikia nayo. Ukishaujua, utumie. Amka uutumie. Anayelala saa moja kwa hiari yake asiniambie nina bahati, maana wakati huo mimi ndiyo nageuza samaki upande wa pili. Na ukiona wanataka kuuchukua, kuwa wa kwanza kupiga kelele, usingoje wauza samaki wakupigie.

Uliuliza pia mtaji. Anza na karai moja na mafuta ya kukutosha wiki. Samaki usinunue kwa simu. Njoo Obunga mwenyewe mapema uchague, maana wenye nyama nyingi huondoka kwanza, na ukifika uniulizie kwa kina mama wanaokaanga. Ijumaa usije. Ijumaa sina muda wa kuongea na mtu.